Nani Amefua Ushahidi?

Juma zima tumemwacha Mama Povu kasimama katikati ya chumba chake cha kufulia, mkono mmoja ndani ya furushi la nguo za mahakama, mwingine umeshika kadi ya manila. Maskini, hata kukaa hajakaa. Basi na tumruhusu avute pumzi, kisha aisome tena ile kadi, maana mara ya kwanza hakuyaamini macho yake.

KIELELEZO NAMBA MOJA. Chini yake namba ya kesi. Chini ya namba ya kesi, jina lake mwenyewe.

"Wifi!"

"Abee!" Sauti ilitoka uani, ikifuatana na mlio wa nguo inayokung'utwa.

"Furushi la mahakama umelifungua saa ngapi?"

"Asubuhi, ulipokwenda kununua sabuni."

"Lilikuwa na nini?"

"Majoho manne, mapazia mawili, na shati."

"Shati gani?"

"La kaki." Wifi akachungulia mlangoni, uso unang'aa kama wa mtu anayengoja kusifiwa. "Lilikuwa na doa la damu kifuani, hilo nalo! Maji baridi na chumvi, wifi yangu, kama ulivyonifundisha. Hakuna hata alama."

Mama Povu akaisoma kadi mara ya tatu.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, mambo yako hivi. Miezi minane iliyopita, Koplo mmoja wa kituo cha jirani aliingia dukani kwa dobi huyu kumkamata kwa kosa la kumwaga maji ya sabuni barabarani. Akamshika mkono, akamvuta. Sakafu ya dobi mnaijua wenyewe. Koplo aliteleza, akaenda kupiga mdomo kwenye ukingo wa karai, mbele ya wateja watano. Meno yalibaki, heshima ikaondoka.

Mbele ya hakimu, Koplo alisema amepigwa ngumi na kuraruliwa sare. Likatolewa shati la kaki, limechanika bega, limetapakaa damu; Mama Povu aliliona kwa mbali tu, toka kizimbani. Wale wateja watano siku ya ushahidi kila mmoja alikuwa na safari. Mama Povu akatiwa hatiani kwa kumshambulia askari akiwa kazini, akapewa miezi sita. Akakata rufaa, akatoka kwa dhamana, na rufaa yenyewe inasikilizwa kesho saa tatu asubuhi. Akishindwa, hatarudi nyumbani hata kuzima pasi.

Na mahakama? Mahakama iliendelea kumletea majoho. Alihukumiwa Jumatano, Alhamisi furushi likaja kama kawaida, kwa sababu mji mzima hakuna mtu mwingine anayejua kuzitia wanga kola za majaji zikakaa.

Ndiyo maana leo shati lililomtia hatiani lilikuwa uani kwake, kwenye kamba, limebanwa vibanio viwili, linapunga upepo bila wasiwasi wowote.

Mama Povu alilisogelea polepole. Akaligusa kifua. Safi. Akaligusa bega la kushoto. Zima.

"Na mpasuko uko wapi?"

"Nimeushona," alisema Wifi. "Bure kabisa. Nguo ya serikali itoke hapa imechanika, watu watatuonaje?"

"Wifi, hili ni shati la Koplo. Ni ushahidi wa kesi yangu!"

Kibanio kilimponyoka Wifi mkononi. Alilitazama shati, akamtazama wifi yake, akalitazama tena shati.

"Mimi nikajua ni la mlinzi wa mahakama," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu mpasuko wenyewe ulikuwa umeshapigwa bandi. Ningejuaje?"

"Bandi gani?"

"Si ile yetu? Uzi mwekundu, ncha hii na ncha hii. Nikaikata kwa mkasi, kama sheria ya duka."

Hapo Mama Povu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Si kwa kuchoka.

Dukani kwake ilikuwepo sheria, na aliirithi kwa mama yake. Nguo ikija imechanika, kabla haijagusa maji inapigwa mishono miwili ya uzi mwekundu, mmoja kila ncha ya mpasuko. Kwanza, mpasuko usiongezeke kwenye kufikicha. Pili, mwenye nguo asije akakusingizia kwamba umemchania wewe. Siku ya kurudisha, uzi unakatwa. Nguo haitoki dukani na uzi wake mwekundu. Haijawahi kutoka.

"Wifi," alisema taratibu, "una hakika uzi ulikuwepo kabla hujaligusa?"

"Nimeukata mimi. Nina hakika."

"Sasa shati lililoraruliwa na mimi siku ya kukamatwa, likachukuliwa siku hiyohiyo kuwa ushahidi, limepigwa bandi yangu saa ngapi?"

Wifi akapiga kelele iliyowarusha kuku wa jirani.

"Lile la kumi na mbili!"

Naam. Siku ile ya kukamatwa, kwenye kamba hiihii kulikuwa na mashati kumi na mawili ya kituo cha polisi. Mama Povu alipokwisha kuburutwa, Wifi alianua mashati kumi na moja. Lililopungua ndilo lililokuwa limekuja limechanika bega.

"Alitoka hapa na sare yake nzima," alisema Mama Povu, akili ikimkimbia kuliko ulimi. "Mdomo umevimba, watu wanamcheka, hana cha kumwonyesha mkubwa wake. Akapita uani, akachomoa lililochanika tayari, akajifutia damu."

"Na wewe!" Wifi alishika kiuno. "Miezi minane unanisema mimi! 'Wifi macho yako yako wapi? Wifi utapoteza hata kamba yenyewe.' Mpaka kaka yangu amenigombeza kwa hilo shati!"

"Nisamehe, wifi."

"Nitafikiria."

"Fikiria haraka, maana ushahidi wa kunitoa tumeupata." Mama Povu alisimama, uso umeanza kupambazuka. Mara ukajikunja tena. "Tulikuwa nao. Umeukata kwa mkasi."

"Uzi sikuutupa! Upo kwenye kopo."

Walikimbilia ndani. Kopo lilikuwa juu ya rafu, pale ambapo Wifi alitunza kila uzi aliokata, akisema siku moja atajaza mto wa kuchomekea sindano. Akalimimina mezani. Zikatoka nyuzi nyekundu za miaka sita, zimeshikamana rundo moja, hakuna ajuaye mama wala mtoto.

Mama Povu akavuta mmoja, zikaja zote.

"Basi tuchane upya," alinong'ona Wifi. Mkasi ulikuwa tayari mkononi. "Tunafumua nilichoshona, tunapiga bandi mbili palepale zilipokuwa. Damu nitajichoma kidole. Dakika tano tu. Nani atajua? Na ni kweli tupu, wifi! Tunairudishia tu kweli mahali pake."

Nisikufiche, msomaji. Mama Povu alilichukua shati. Alilitandika juu ya meza ya pasi, akalinyoosha bega, akaona wazi matundu madogo ya sindano ilipopita bandi yake. Mkono wake ulizijua njia. Miezi sita gerezani kwa upande mmoja, dakika tano kwa upande mwingine. Alitaka. Alitaka mpaka vidole vikamwasha.

"Weka mkasi," alisema.

"Wifi..."

"Weka. Tukishona leo, Koplo na mimi tutakuwa tumelichezea shati moja. Tofauti yetu itakuwa nini?"

Kabla Wifi hajajibu, mlango uligongwa, ukafunguka bila kungoja karibu. Aliingia karani wa stoo ya mahakama, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Mama, lile furushi. Msilifungue."

"Shikamoo haipo siku hizi?" alisema Wifi.

"Shikamooni. Msilifungue! Paa la stoo linavuja. Nilitoa vielelezo nikavianika juu ya majoho, vikauke. Nilipogeuka, mhudumu ameshafunga vyote na..." Macho yake yakatua mezani. Akaliona shati. Akaona linavyong'aa. "Mama yangu mzazi."

"Kaa, baba," alisema Mama Povu. "Wifi, mpe maji."

"Nimekwisha," alisema karani. "Nina miaka kumi na tisa kazini. Mama, nakuomba. Lipige pasi, nipe nilirudishe kwenye bahasha yake. Rufaa zinasikilizwa kwa makaratasi, majaji hawafungui bahasha. Wewe umenyamaza, mimi nimenyamaza, dunia inazunguka."

Mama Povu hakumwahidi kitu. Alilipiga pasi, kwa sababu hakuna nguo inayotoka pale na makunyanzi, akaifunga kadi yake mahali pake, akamkabidhi. Karani aliondoka amelikumbatia kama mtoto mchanga.

Moja kwa moja Mama Povu akaenda kwa wakili.

Wakili Miwani alikuwa na ofisi moja juu ya duka la viatu, na jina hilo alipewa kwa kuwa akiogopa huvua miwani akaifuta kwa tai yake. Aliposikia habari ya shati, aliifuta mpaka Mama Povu akadhani vioo vitatoboka.

"Mmefua kielelezo," alisema.

"Na kukishona."

"Na kukishona. Mungu wangu." Akaivaa miwani. "Mama, sikiliza. Karani amesema kweli, bahasha haifunguliwi. Tukinyamaza, napigana kwa sheria. Tukitaja uzi, watasema umefua ili ufute damu, halafu umetunga hadithi ya uzi. Dhamana inafutwa hapohapo."

"Na kwa sheria tupu, tutashinda?"

Miwani ikavuliwa tena. "Nafasi ipo."

"Kubwa?"

"Ipo. Tatizo ni ukurasa wa kumi na moja wa hukumu. Yule hakimu anapenda kuandika. Mpasuko wa lile shati ameueleza kwa maneno ya kutisha, mpaka mimi wakili wako nikisoma nakuogopa. Naomba Mungu jaji asiufikie."

Mama Povu aliteremka ngazi. Usiku ule alipika, akaosha vyombo, akafungasha mfuko mdogo: kanga mbili, mswaki, kipande cha sabuni aliyoitengeneza mwenyewe. Mumewe alimwona, akajifanya hakuona. Wote wawili walijua ni mfuko wa nini.

*

Saa mbili na nusu asubuhi, ukumbi wa mahakama ulikuwa unapigwa deki. Mama wa usafi alimaliza njia ya katikati, akabeba ndoo yake, akaenda zake. Mama Povu, aliyekaa benchi la mbele, aliitazama sakafu kwa jicho la kazi. Sabuni nyingi, maji machache. Haikusuuzwa. Akafikiria kumwita amwambie, lakini mtu mwenye mfuko wa gerezani miguuni ana mengine ya kufikiria.

Wifi alikaa nyuma yake. Koplo alikaa benchi la tatu, sare imenyooka, kidevu juu, kama mgeni rasmi.

"Simameni!"

Jaji akaingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye macho ya kuhesabu. Kola yake ilisimama kama ilivyopasa. Hata katika hali ile, Mama Povu alijipongeza.

Wakili Miwani alianza vizuri. Alisema mashahidi wa upande wa pili walikuwa askari watupu. Alisema daktari aliona jeraha la mdomo linaloweza kusababishwa na kuanguka. Jaji aliandika, akaitikia kwa kichwa mara mbili, na mara zote mbili moyo wa Mama Povu ulipanda ngazi.

Ndipo akasimama wakili wa serikali, kijana nadhifu mwenye sauti ya redio.

"Mheshimiwa, maneno ni mengi, lakini kitu kimoja hakisemi uongo. Naomba mahakama yako tukufu ikitazame kielelezo namba moja. Mheshimiwa utazame ile damu. Utazame ule mpasuko."

Wakili Miwani akavua miwani.

"Kiletwe," alisema jaji.

Karani alikuja na bahasha kubwa. Wakili wa serikali aliipokea kwa madaha, akatia mkono ndani, akalitoa shati na kulinyanyua juu ukumbi mzima ulione.

Likafunguka taratibu. Jeupe... hapana, la kaki, lakini safi hata macho yaliona jeupe. Mikunjo ya pasi imesimama kwenye mikono. Harufu ya sabuni ikafika mpaka kwa jaji.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha wote.

"Kimya!" Jaji aliinama mbele. "Wakili, damu iko wapi?"

Wakili wa serikali aligeuza shati mbele, nyuma, ndani, nje. "Ilikuwepo, mheshimiwa."

"Na mpasuko?"

"Ulikuwepo pia, mheshimiwa."

"Karani!"

Karani alipauka. Na Mama Povu, aliyekuwa na ruhusa ya kila mtu ya kunyamaza, akajikuta amesimama.

"Limefuliwa dukani kwangu, mheshimiwa."

"Mama, kaa," Wakili Miwani alinong'ona kwa uchungu.

"Lilikuja ndani ya furushi la majoho, kwa bahati mbaya. Hatukujua ni la kesi mpaka limeshatakata. Damu imetoka dukani kwangu. Mpasuko umeshonwa dukani kwangu. Nasema kabla hujamuuliza yeye, maana yeye ana watoto."

Wakili wa serikali aliruka kama aliyekalia sindano. "Mheshimiwa! Mrufani amekiri kuharibu ushahidi wa kesi yake mwenyewe! Naomba dhamana ifutwe sasa hivi!"

"Nimekusikia. Mama, ungenyamaza ningehangaika na karani wangu. Kwa nini umesema?"

"Kwa sababu kuna kitu kingine kilikuwa kwenye shati hilo, mheshimiwa, na siwezi kukisema hicho nikaficha hiki."

Akaeleza. Alieleza kama anavyomweleza mteja mbishi, pole pole, kwa vidole: nguo ikija imechanika, uzi mwekundu ncha hii, uzi mwekundu ncha hii. Shati la kumi na mbili. Kamba ya uani. Jaji aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

"Na huo uzi mwekundu sasa uko wapi?" aliuliza wakili wa serikali, akitabasamu.

"Umekatwa."

"Umekatwa! Na nani aliyeuona, mbali na mrufani na wifi yake?"

Mama Povu aliutazama ule mfuko mdogo miguuni. Kipande cha sabuni kilikuwa kimetokeza juu.

"Hakimu aliuona," ilisema sauti.

Ilikuwa ya Wakili Miwani. Alikuwa amesimama bila kujua, makaratasi yanamwanguka, miwani ameishika mkononi na bado anasoma.

"Mheshimiwa, ukurasa wa kumi na moja. Mungu anisamehe, nimeuogopa ukurasa huu miezi mitano. Naomba kuusoma. Hakimu anasema: 'Nguvu aliyotumia mshtakiwa ilikuwa ya kinyama. Mahakama hii imeliona shati kwa macho yake. Kitambaa kimeraruka vibaya hata nyuzi nyekundu zimechomoka na kubaki katika ncha zote mbili za mpasuko, mithili ya jeraha linalovuja.'" Akavaa miwani. "Hukumu hii iliandikwa miezi mitano kabla shati halijarudi dukani kwa mrufani. Nyuzi nyekundu, mheshimiwa. Ncha zote mbili."

Jaji alifungua jalada lake. Akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Akanyoosha mkono apewe shati.

Alilichunguza kola, akachunguza pindo, akachunguza vifungo kimoja kimoja.

"Wakili wa serikali, sogea. Shati hili limeshonwa kwa uzi wa rangi gani?"

"Kaki, mheshimiwa."

"Nionyeshe uzi mwekundu mmoja tu. Popote."

Kijana alitafuta. Alitafuta mifukoni, kwapani, mpaka chini ya kibandiko cha saizi. Jasho jembamba likaanza kumshuka shingoni.

"Haupo, mheshimiwa."

"Basi hizo alizoziona hakimu zilichomoka wapi?"

Wakili wa serikali aligeuka kumtazama Koplo. Koplo alikuwa anatazama dari kwa makini, kama fundi aliyeitwa kukadiria kazi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imefika mwisho pale benchi la tatu. Yule kijana akafanya jambo ambalo mimi msimulizi wenu sikulitarajia kwake.

"Mheshimiwa, kwa hali hii, upande wa serikali hauwezi kuunga mkono hatia hii."

"Wala mimi," alisema jaji. "Rufaa imekubaliwa. Hatia imetenguliwa na adhabu imefutwa. Koplo hatatoka nje ya jengo hili mpaka nizungumze na mkuu wake."

Mama Povu alilia. Hakulia kwa ustaarabu. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni na kupatikana. Alimshika Wakili Miwani mashavu yote mawili. Alimvuta Wifi juu ya benchi wakakumbatiana kombo, benchi likiwa katikati yao.

"Umenisamehe?"

"Nimeshakusamehe tangu jana," alisema Wifi puani. "Ila yale mapazia utafua peke yako."

"Nitafua. Hata ya mwaka ujao."

Mama Povu akainama kuokota mfuko wake. Usiku huu angelala kitandani kwake, na ile sabuni angeiweka bafuni. Hakuwahi kuona mfuko mwepesi kama ule.

"Mama dobi," alisema jaji. "Sijasema uondoke."

Mama Povu akautua tena mfuko chini.

"Kesi ya mwaka jana imekwisha. Sasa ipo ya jana. Kielelezo cha mahakama hii kimetolewa stoo, kikafuliwa, kikashonwa na kupigwa pasi. Ni kosa, na si dogo, hata kama limefanywa vizuri. Umesema 'dukani kwangu'. Duka halina mikono. Nataka mtu. Nani amefua?"

Mama Povu alihisi Wifi anavuta pumzi nyuma yake. Akamwona kwa jicho la akilini, miezi minane anabeba lawama ya shati hili hili, anakunja uso na kuendelea kukamua. Hapana. Safari hii hapana.

Akanyanyua mkono. "Mimi, mheshimiwa."

"Mwongo huyo!" Wifi alikuwa juu tayari, mkono hewani. "Nimefua mimi! Maji baridi na chumvi!"

"Kaa chini, wifi!"

"Sikai! Umekwisha kwenda wewe, sasa ni zamu yangu!"

Pembeni, taratibu, kama bendera inayopandishwa na mtu asiyetaka, ukanyanyuka mkono wa tatu. Ulikuwa wa karani.

"Nami nilimwambia alipige pasi, mheshimiwa."

Jaji aliitazama mikono mitatu. Akashika paji la uso.

"Askari," alisema, "kamata."

Askari wa mahakama, pande la mtu, alipiga kiatu chini kule mlangoni. "Nani, mheshimiwa?"

"Wote."

Akaanza kuja mbio mbio kwa njia ya katikati, pingu mkononi, kifua mbele, macho kwa Mama Povu. Na Mama Povu akayatazama mabuti yake. Akaitazama ile sakafu iliyopigwa deki kwa sabuni nyingi na maji machache, inayometameta mpaka miguuni pake.

"Afande, taratibu!" alipiga kelele, mikono yote miwili juu ili kila mtu aione. "Nakuomba, baba yangu, nakuomba mbele ya jaji na watu wote hawa, mimi niko hapa na wewe uko kule, angalia unapokanyaga!"

Lakini mguu ulikuwa umeshainuka.